Adama alimwaminije Sharon wa pili?

SWALI: Shikamoo mwalimu. Mimi na mchumba wangu tumemaliza kuangalia tamthilia ya anga ya Battlestar Galactica, misimu yote minne, na tangu hapo hatuelewani. Yeye anasema Athena, yaani Sharon wa pili, ni msaliti tu: aliwauza ndugu zake kwa ajili ya mwanaume, na anayewauza wa kwao atamuuza yeyote. Mimi namtetea, lakini nikiulizwa kwa nini Adama, mkuu wa meli, alimwamini mtu mwenye sura ile ile iliyompiga risasi mbili kifuani, nakosa la kusema. Je, mapenzi yake na Helo, ofisa wa Galactica, yalikuwa ya kweli, au ni mtego uliofanikiwa? Na kati ya wote mle melini, nani hasa hakustahili kuaminiwa? (Msomaji, Morogoro)

JIBU: Marahaba. Nianze na mchumba wako, maana nusu ya hoja yake haina pingamizi. Athena ni msaliti. Watetezi wake wengi hulipita jambo hili mbio mbio, kana kwamba kuwaasi Cylon, roboti wanaowawinda binadamu, si usaliti kwa kuwa Cylon ni wabaya. Lakini aliasi amri ya wakubwa wake, akatoroka na Helo, mtu ambaye yeye alitumwa kumnasa, akawapa adui siri za kijeshi, na katika sehemu iitwayo "Flight of the Phoenix" akazizimisha ndege za Cylon angani kwa kirusi cha kompyuta, marubani wa Galactica wakazitungua zikiwa zimeganda. Na katika tamthilia hii ndege za Cylon ni viumbe hai, zinaumia na zinakumbuka. Ukimtetea Athena, mtetee akiwa na damu hiyo mikononi, vinginevyo mchumba wako atakushinda kila siku.

Neno kwa ambao hawajaiangalia, maana kuanzia hapa nawamalizia utamu. Tamthilia ilianza na filamu ya utangulizi Desemba 2003, ikamalizika Machi 2009. Ronald D. Moore na David Eick waliifufua kutoka ile ya Glen A. Larson ya mwaka 1978. Cylon ni roboti walioundwa na binadamu, wakaasi, wakapotea miaka arobaini, kisha wakarudi na mabomu ya nyuklia na kuteketeza sayari zote kumi na mbili. Walionusurika ni watu wasiofika elfu hamsini na moja, wanaokimbia angani wakilindwa na meli moja kuukuu ya vita, Galactica, chini ya William Adama. Baadhi ya Cylon sasa wana miili ya binadamu. Kila aina ina nakala nyingi zenye sura moja, na nakala ikifa, kumbukumbu zake huhamia kwenye mwili mwingine unaosubiri. Sharon ni aina ya nane. Nakala zake zote zinaigizwa na Grace Park, lakini hadithi inawafuata hasa wawili. Wa kwanza ni Boomer, rubani wa Galactica asiyejua kabisa kwamba yeye ni Cylon, mpaka siku programu iliyofichwa ndani yake inapomsukuma kumpiga Adama risasi mbele ya maofisa wake. Wa pili ni huyu mnayebishania, aliyekuja baadaye kupewa jina la urubani la Athena.

Sasa mapenzi. Unauliza yalikuwa ya kweli au mtego. Yalianza kama mtego, na aliyeutega ndiye aliyenasa. Helo alibaki kwenye sayari ya Caprica kwa hiari yake: alimwachia Gaius Baltar kiti chake kwenye chombo cha mwisho, kwa kuamini kwamba mwanasayansi ana faida zaidi kuliko yeye. (Kejeli yake nzito: Baltar ndiye aliyemfungulia kimada wake wa Kicylon milango ya mfumo wa ulinzi wa taifa, japo hakujua ni Cylon. Helo alimpa kiti mtu yule yule ambaye bila yeye wala pasingekuwa na haja ya kiti.) Kisha anatokea Sharon, eti amerudi kumchukua. Siye yule anayemjua. Huyu ana kumbukumbu za Boomer, anajua Helo alimpenda Boomer kimyakimya wakati Boomer mwenyewe ana uhusiano na Chifu Tyrol, fundi mkuu wa ndege wa Galactica, na ametumwa kwa kazi maalumu. Cylon hawawezi kuzaa. Wanaamini kinachokosekana ni mapenzi. Basi wamempeleka mmoja wao akapendwe, na wenzake wanachungulia kutoka juu ya mapaa kuona kama kazi inakwenda.

Hebu rudieni sehemu zile za msimu wa kwanza mkijua hilo, mtazame macho yake tu, msisikilize maneno. Kuna wakati Helo yuko busy na bunduki au redio, na Sharon anamwangalia akidhani haonwi na mtu. Ule si uso wa mtu anayesubiri mpango ukamilike. Alitakiwa amfikishe Helo kwenye nyumba waliyoandaliwa, watulie, wazae. Badala yake anamwambia wakimbie. Hapo hakuwa na hakika kwamba Helo atamsamehe akijua ukweli, na Helo alipojua alimnyooshea bunduki kweli. Aliyekimbia pale hakuwa na malipo yoyote mkononi.

Hata hivyo sipendi wanaosema "mapenzi yao yalishinda yote", kama vile tunaangalia ile michezo ya Kifilipino iliyotuweka macho hadi usiku. Helo alidanganywa. Alilala na mtu akidhani ni mwingine, na tamthilia inalipita jambo hilo kwa wepesi usiolipendeza. Lingekuwa limefanywa na mwanaume kwa mwanamke, sidhani kama waandishi wangelipitia kwa kasi ile. Kinachookoa uhusiano wao ni kwamba kuanzia Helo alipojua, kila kitu walikifanya wakiwa wanajuana. Mapenzi ya kwanza yalikuwa ya kutegwa, ya pili yalikuwa ya kuchagua, na yaliyodumu ni ya pili.

Hapa ndipo mchumba wako anapokosea, na ndipo lilipo jibu la swali lako kuhusu Adama. Mnavyobishana, nyote wawili mnadhani Adama alimwamini Athena kwa sababu ya Helo. Hapana. Mapenzi yalimtoa Athena kwao, lakini kwa Adama mapenzi hayakuwa dhamana ya chochote. Boomer naye alimpenda Tyrol, tena kwa dhati, na bado mkono wake ulifyatua risasi. Mzee aliyelala kitandani na matundu mawili kifuani hawezi kuambiwa "huyu ana mpenzi kwenye meli yako" akapumua.

Fuatilia hatua. Mara ya kwanza Adama anapomwona Sharon huyu ni kwenye sayari ya Kobol, msimu wa pili, katika "Home". Anamvamia, anamwangusha, anamkaba koo kwa mikono yake mwenyewe mpaka kifua chake kibovu kinamshinda. Hakuna salamu. Baadaye pale pale, mmoja wa watu wa Tom Zarek, mwanasiasa mpinzani, anamshawishi Sharon washirikiane kumwondoa Adama, akidhani chuki yake ni rahisi kununua. Sharon anaikubali bastola. Anamwelekezea Adama. Wote wanaamini yaleyale yanajirudia. Kisha anageuka na kumpiga risasi aliyempa silaha. Halafu anafanya jambo ambalo ndilo kiini cha mambo yote: anamkabidhi Adama bastola ile na kumwambia kwamba yeye si yule mwingine, anajijua ni nani, hana amri iliyojificha ndani yake inayosubiri kuamshwa, na kwamba hili amelichagua mwenyewe.

Angalia Adama anavyolipokea. Hamkumbatii. Anamrudisha melini na kumtia selo. Anamweka huko kwa muda mrefu, na hata anapomtoa ili aunusuru mfumo wa kompyuta wa Galactica uliovamiwa na kirusi cha Cylon, anamleta kwenye chumba cha uongozi chini ya ulinzi, katika chumba kile kile alichopigwa risasi, na kumtazama akijichomeka waya mkononi. Mzee anafanya kama anavyofanya fundi na kamba asiyoijua: anaongeza mzigo kidogo kidogo, anasikiliza kama italia.

Kisha yanakuja mazungumzo ninayoyahesabu kuwa makubwa kuliko yote. Ni katika "Resurrection Ship". Admirali Cain amekuja na meli yake ya Pegasus, ofisa wake amejaribu kumbaka Sharon selo, Helo na Tyrol wamemuua ofisa huyo bila kukusudia katika kumwokoa, na Cain amewahukumu kifo. Adama amepanga Cain auawe. Kabla ya hapo anamuuliza Sharon kwa nini Cylon wanawachukia binadamu kiasi hiki. Sharon anamkumbusha hotuba yake mwenyewe, aliyoitoa siku ya maangamizi, kwamba binadamu hawajawahi kujiuliza kwa nini wanastahili kuishi. Anamwambia labda hamstahili. Hebu fikiri: ni mfungwa, mjamzito, ametoka kushambuliwa, mpenzi wake yuko kwenye orodha ya kunyongwa, na kifo cha Cain kingemnufaisha yeye kuliko mtu yeyote. Mtu mwongo angetumia nafasi ile kumpalilia Adama. Yeye alisema lililo kweli, nalo likamfanya Adama aghairi mauaji. Kuanzia pale Adama alijua kitu kimoja kuhusu mwanamke huyu: hamwambii lile analotaka kulisikia.

Msimu wa tatu unapoanza, mwaka mzima na zaidi umepita, selo imegeuka chumba chenye vitu vya mtu anayeishi, na Mzee amekuwa akienda kuzungumza naye. Watu wengi wako mateka kwenye sayari ya New Caprica chini ya Cylon, na Adama anamvisha Sharon sare na kumwapisha kuwa ofisa. Sharon mwenyewe anamuuliza amejuaje kwamba anaweza kumwamini. Adama anajibu kwamba hajui, na kwamba kuamini ndiko huko. Basi hilo ndilo la kumjibu mchumba wako. Adama hakufikia hakika yoyote. Alikuwa na mtu aliyekwisha kushika bastola akairudisha, akaamua kumkabidhi nyingine.

Na malipo yake? Hapa tamthilia inageuka chungu. Mtoto wa Athena na Helo, Hera, alipozaliwa, Rais Laura Roslin aliamuru wazazi waambiwe amekufa. Daktari alishiriki. Mtoto akapewa mama mwingine. Damu ya mtoto huyo huyo, akiwa bado tumboni, ndiyo iliyokuwa imemponya Roslin saratani. Sasa njoo kwenye "Exodus", Athena amepenya gereza la New Caprica kuiba funguo za kurushia vyombo, kazi ambayo ni yeye tu aliyeiweza kwa kuwa roboti walinzi hawamtofautishi na Sharon wengine. D'Anna, Cylon anayeigizwa na Lucy Lawless, anamkuta na kumwambia mwanao yu hai, Adama amekudanganya. Athena anajibu kwamba Adama hawezi kumdanganya. Kisha anampiga D'Anna risasi za magoti na si za kichwa, kwa makusudi, maana akimuua atazinduka kwenye mwili mpya na kutoa taarifa. Hesabu ya baridi namna ile, na imani namna ile, kwa mtu mmoja, dakika moja. D'Anna, adui, ndiye aliyekuwa anasema kweli. Na uongo ulikuwa umetoka upande aliouapia.

Alipokuja kuujua ukweli, Hera akiwa mikononi mwa Cylon, angeweza kurudi kwao kabisa na wangempokea. Alichofanya ni kumwomba mumewe amuue. Katika "Rapture" Helo anampiga risasi mke wake ili azinduke kwenye meli ya Cylon, amchukue mtoto, arudi. Tukio lenyewe ni fupi, na Tahmoh Penikett analiigiza bila makelele: mtu aliyeshika bunduki, anayependa, anayejua kwamba asipoifyatua mtoto hapatikani, na akiifyatua hana hakika mke atarudi akiwa upande gani. Akarudi, na mtoto. Waswahili tumezoea kusema mla nawe hafi nawe ila mzaliwa nawe. Waandishi wa tamthilia hii walikuwa wanaishughulikia methali hiyo kila wiki, na wanaipinga.

Boomer sasa. Mchumba wako akisema "Sharon ni wale wale", mwonyesheni Boomer. Ni mwili ule ule, na hadi siku ya Caprica hata kumbukumbu ni zile zile. Boomer hakuchagua upande, alichaguliwa. Alichaguliwa kuwa binadamu, akachaguliwa kuwa muuaji, akauawa na Cally, fundi wa Galactica, kwenye korido akiwa amefungwa pingu, akifia mikononi mwa Tyrol. Alipozinduka kwa Cylon alijaribu kuhubiri amani na binadamu, ikaishia kuwa ukoloni wa New Caprica. Tangu hapo anamfuata aliye karibu. Anakuwa wa kwanza kupiga kura kinyume na aina yake mwenyewe, kwa ajili ya Cavil, Cylon wa aina ya kwanza. Msimu wa nne anarudi Galactica, anamlainisha Tyrol kwa ndoto ya nyumba waliyotamani kuishi, Tyrol anamtorosha, naye anampiga Athena, anamfunga, na kulala na Helo huku Athena akiona kwa macho yake kutoka alikofungiwa. Kisha anaondoka na Hera. Katika sehemu nzima ya "Someone to Watch Over Me" sijui kama Boomer mwenyewe alijua ni wakati gani anaigiza na wakati gani anamlilia Tyrol kweli. Nadhani hakujua, na hilo ndilo linalomtisha mtazamaji.

Athena alikwisha kuwaambia Sharon wenzake jambo hilo. Katika "Faith" wanamjia kwenye meli ya Cylon walioasi wenzao, wanamtazama kama shujaa, wanataka awaongoze dhidi ya kina Six, Cylon wa aina ya sita. Anawakatalia kwa ukali: chagueni upande mbaki nao, msikimbie mambo yakichacha, la sivyo hamtakuwa na mapenzi, familia wala maisha ya kuita yenu. Mchumba wako anamwona kama mtu wa kuhamahama. Kumbe alihama mara moja, na baada ya hapo hata alipodanganywa kuhusu mtoto hakuhama.

Swali la mwisho, nani hakustahili kuaminiwa. Wengi watasema Baltar, na ni jibu la uvivu. Baltar kila mtu anajua atafanya nini: atajiokoa. Mtu wa namna hiyo unaweza kupanga kazi naye. Aliyewaumiza ni yule ambaye hakuna aliyemtazama, Felix Gaeta. Kikulacho ki nguoni mwako. Miaka yote Gaeta alisimama hatua chache kutoka kwa Adama, akipiga hesabu za kuruka anga. New Caprica alikuwa akiwapelekea wapiganaji siri kutoka ofisini kwa Baltar, aliyekuwa rais huko, na baada ya ukombozi wenzake nusura wamtupe nje ya meli kwa kudhani ni kibaraka. Akapoteza mguu kwa risasi ya Sam Anders, ambaye baadaye akabainika kuwa Cylon. Adama alipoamua kufanya mapatano na Cylon walioasi, Gaeta alishirikiana na Zarek kuipindua meli. Sehemu ya kwanza ya uasi ule waliipa jina "The Oath", yaani kiapo, na Gaeta aliamini yeye ndiye aliyebaki nacho. Simchukii. Alipigwa risasi na kikosi kwa haki, lakini hoja yake kwamba wameombwa kuwakumbatia waliowaua watu bilioni nyingi si ya kijinga. Ubaya wake ni kushirikiana na Zarek, aliyewamaliza wajumbe wa baraza kwa bunduki.

Roslin namweka karibu naye, na najua wapenzi wa Mary McDonnell, anayemwigiza, watanijia juu. Kama rais alikuwa na sababu. Kama mshirika wa Athena alikuwa hatari kuliko Cylon yeyote, kwa sababu Athena hakuwa na namna ya kujilinda naye.

Ila kuna jambo moja ambalo sitalificha, nalo mpe mchumba wako, ni lake kwa haki. Katika "Guess What's Coming to Dinner?", Natalie, Six anayewaongoza Cylon walioasi, yuko ndani ya Galactica kama mshirika, amekuja kwa amani, na mapatano yanamtegemea yeye. Athena amekuwa akiota njozi za Six akimchukua Hera. Anamkuta Natalie amemshika mtoto. Mtoto alikuwa amekwenda mwenyewe. Athena anampeleka mtoto pembeni, anarudi, na kumpiga Natalie risasi. Mapatano yanayumba, na yeye anarudishwa selo na Adama yule yule aliyemwapisha. Siku ile, yule ofisa mwenye kiapo aliyemkatalia D'Anna hakuonekana. Alikuwapo mama, na mshirika aliyekuja mikono mitupu akafa.